Kigomasha hakuendwi kwa saa ya simu: namna ya kufika ncha ya Pemba na kurudi na miguu mizima

Wengi mkisikia pwani ya Zanzibar mnaiona ile ya kwenye picha, mchanga mweupe kama unga wa sembe, maji ya kijani, mtu kalala kwenye bembea kashika dafu. Sawa, ipo hiyo. Lakini mie leo nataka nikupelekeni pengine. Juu kabisa ya Pemba, ile ncha inayotazama kaskazini, panaitwa Ras Kigomasha, na pale mchanga unakwisha mawe yanaanza, upepo haukai kimya, na ukisimama chini ya mnara wa taa basi kofia si yako tena hiyo. Hakuna kiti cha kukodi wala muziki. Nimeshaenda mara tatu. Mara ya kwanza niliadhirika, mara ya pili nikarudi na kidole cha mguu kimechanika, mara ya tatu ndo nikaenda kama mtu anaejua anakokwenda, kwa hiyo haya ninayoandika nimeyalipia.

Kwanza kabisa: angalia mwezi, sio kalenda ya likizo

Hapa ndo wengi tunakosea. Unapata ruhusa kazini siku mbili, unapanda boti, unafika pwani saa sita mchana ukidhani umewahi. Hivo ndo nilivofanya mie na shemeji yangu. Ilikuwa mwezi kumi na tano, yaani siku ya kumi na tano tangu mwezi kuandama, tukateremka ufukwe wa Vumawimbi tukaanza kutembea kuelekea juu kwenye mawe, tunapiga picha, tunacheka, mana ufukwe mpana mtupu kama uwanja wa mpira. Baada ya muda naona ule uwanja unapungua. Halafu ukawa kama barabara. Halafu ukawa kama uchochoro wa Mji Mkongwe, upande huu bahari upande huu jabali, na mawimbi yanatupiga magotini tumeshika ndara mkononi. Tulitoka pale kwa kutambaa juu ya mawe kama kaa. Tulipofika walipo wavuvi mzee mmoja alikuwa anashona wavu, katutazama kuanzia miguuni mpaka kichwani, katuuliza kwa upole kabisa: "Kwani huko kwenu Unguja hamna mwezi?"

Swali la mzee yule ndo mwongozo wote huu. Kwa asiyezaliwa pwani nieleze kidogo.

Bahari yetu inajaa mara mbili na kukupwa mara mbili kwa siku, kila mwendo kama saa sita na kidogo. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, yaani mwezi mosi na mwezi kumi na nne, kumi na tano, yanakuwa maji ya bamvua: yanajaa sana na yanakupwa sana, tofauti ya kujaa na kukupwa inafika kama mita 4, hiyo ni zaidi ya kimo cha watu wawili mmoja kambeba mwenzake begani. Mwezi ukiwa nusu, kama mwezi saba nane na ishirini na mbili hivi, yanakuwa maji mafu, hayajai sana hayakupwi sana, yapo yapo tu.

Na hesabu ya saa ni nyepesi ukiishika. Siku za bamvua huku kwetu maji yanajaa kama saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na yanakupwa kama saa nne asubuhi na saa nne usiku. Kila siku inayofuata ongeza dakika 50 hivi. Kwa hiyo mwezi kumi na sita bahari inakupwa karibu saa tano kasoro, kumi na saba inakaribia saa sita kasoro, endelea mwenyewe. Zipo programu za simu zinaonyesha haya yote na mie ninayo, lakini hesabu ya kichwa haihitaji bando na Kigomasha mtandao unakuja ukipenda.

Siku nzuri kwa safari hii ni mwezi mosi mpaka mwezi nne, na mwezi kumi na tano mpaka kumi na nane. Unaingia pwani saa mbili asubuhi maji yanashuka, unatembea nayo yakirudi nyuma, unafika kwenye mawe yamebaki wazi, na yakianza kugeuka tu na wewe geuka. Usisubiri uone kweli yanakuja au vipi. Maji yakianza kujaa saa ya kwanza yanakudanganya, yanakuja kama hayataki, saa ya tatu na ya nne ndo yanapokimbia, na hapo ndo walipotukuta mie na shemeji.

Pili: upepo

Mwezi unakupa saa, upepo unakupa msimu. Kaskazi inavuma kama Disemba mpaka Machi, kusi inashika Juni mpaka Septemba na wakati mwengine inaanza mapema zaidi. Kati yake kuna masika, Machi mwisho mpaka Mei, mvua kubwa, njia zinateleza, mie sipendekezi, na kuna vuli za Oktoba mpaka Disemba ambazo mvua inakuja inaondoka unaweza kwenda tu.

Sasa Vumawimbi inatazama mashariki, bahari kuu, mbele yako hakuna kitu. Jina lenyewe si la bure, vuma na wimbi. Kaskazi inaipiga na kusi pia inaifikia, ila si kwa namna moja. Wakati wa kaskazi ncha yenyewe ya Kigomasha inakula upepo wa uso kwa uso, chumvi inarushwa mpaka juu, miwani inafanya ukungu, lakini mbingu safi. Wakati wa kusi upande wa magharibi, ule wa Verani na Panga ya Watoro, unakuwa kama nyuma ya nyumba, umetulia, kwa hiyo ukichoshwa na upepo unavuka upande wa pili unapumzika. Rasi yenyewe nyembamba, ndo uzuri wake, una bahari mbili na unachagua. Anaetaka kutulia kabisa aende kipindi cha maleleji, upepo unapobadilika. Ila mie naona kwenda Kigomasha siku isiyo na upepo ni kama kula urojo usio na pilipili.

Na kusi ina jambo jengine, boti. Mkondo wa Nungwi, ule wa baharini kati ya Unguja na Pemba, mnaujua. Zanzibar nzima tunakumbuka usiku wa Septemba 10, 2011, meli ya MV Spice Islander ilipozama na watu ikielekea Pemba, sina haja ya kusema mengi. Ukiona tangazo boti imeahirishwa kwa hali ya hewa usigombane na mkata tiketi, rudi nyumbani kalale. Na anaetapika baharini achukue dawa kabla ya kupanda, sio tukishafika Nungwi anaanza kuulizia ndimu.

Tatu: kufika

Kwa ndege ni kama nusu saa unashuka Chake. Kwa boti mara nyingi unashukia Mkoani, ambako ni kusini kabisa, na wewe unakwenda kaskazini kabisa, kwa hiyo unakipita kisiwa chote, kilomita kama 67 kwa urefu, milima na mabonde, si kama Unguja ilivyo sahani. Usilifanye kwa siku moja. Mkoani mpaka Chake, lala Chake au sogea ulale Wete ambako ni karibu zaidi, alfajiri ndo uende Konde.

Ukijaaliwa kupita msimu wa karafuu utaziona zimeanikwa kwenye majamvi pembeni ya barabara, na harufu inaingia garini unahisi kama umekaa ndani ya sufuria ya pilau. Usizikanyage na usipitishe bodaboda juu yake kwa kukwepa shimo, ile ni ada ya skuli ya mtoto wa mtu.

Daladala za Konde zinatoka Chake na Wete. Konde ndo mwisho wa mambo ya mjini: chai, maandazi, muhogo, maji ya kunywa, vocha. Nunua hapo hapo. Mbele huko usitegemee duka. Kutoka Konde chukua bodaboda, mpatane bei ya kwenda NA kurudi, mwambie saa utakayorudi na pesa yote usimpe, mpe nusu. Sio kwamba si waaminifu, vijana wa Konde watu wazuri sana, ila mtu akipata abiria wa harusi na kalipwa kamili moyo unamwambia wewe utatembea tu.

Nne: Ngezi

Njia inapita ndani ya msitu wa Ngezi, ni hifadhi, simama kwenye geti ujiandikishe ulipe kiingilio. Wenyeji wa nchi bei yao tafauti na wageni, chukua kitambulisho. Kuna watu wanapita hapa spidi 60 na vumbi kama wanakimbizwa, wanakosa. Huu ndo msitu mkubwa wa asili uliobaki Pemba, miti mirefu, kuna mpapindi, mnazi mwembamba wa porini ambao asili yake ni Pemba, kuna kima punju walioletwa kutoka Unguja miaka ya 1970. Na kuna popo wa Pemba, yule mkubwa mwenye uso kama mbwa mdogo, mabawa akiyatandaza yanafika kama mita moja na nusu, anakula matunda, na duniani kote yupo Pemba tu. Zamani watu walimla mpaka akakaribia kwisha, sasa wamerudi kwa wingi. Lakini kumbuka maji hayakusubiri! Ukitaka kumtazama popo mtazame jioni wakati wa kurudi.

Tano: mguu

Hii ndo hatua niliyoilipia kwa damu.

Mawe ya Kigomasha si mawe ya mto, yale yaliyoviringika. Ni tumbawe, mwamba wa zamani ambao wakati mmoja ulikuwa chini ya bahari una uhai, bahari ikashuka ukabaki juu umekuwa jiwe. Mvua na chumvi vimeulamba mpaka umekuwa na meno. Ukiutazama kwa mbali unasema jabali tu, ukiuweka mkono unaona ni msumeno. Chini mawimbi yameukata kwa ndani, umebaki kama uyoga au kama paa lililotokeza, na maji yakijaa yanapiga humo chini unasikia gumm, gumm, mpaka kifuani.

Halafu kati ya jabali na jabali kuna vijipwa vidogo ambavyo havina mchanga kabisa, vimejaa vipande vya matumbawe yaliyokufa, vyengine kama vidole, vyengine kama vigae vya chungu kilichovunjika, bahari imevirusha huko siku za upepo mkali. Ukitembea juu yake vinalia, mlio wa sahani za udongo. Mie napenda kukaa pale kuliko mchangani. Mpwa wangu anaishi Uingereza aliwahi kunionyesha kwenye video pwani yao moja inaitwa Chesil Beach, kilomita kama 29 kokoto tupu, na kokoto zenyewe zimepangika, upande mmoja ndogo kama kunde na upande wa pili kubwa kama ngumi, na wavuvi wa kule inasemwa wakishuka usiku wa giza wanajua wapo wapi kwa kushika jiwe tu. Nikamwambia sawa, lakini kokoto zenu ni jiwe gumu, zetu sisi zilikuwa zina roho.

Turudi kwenye mguu. Ndara HAPANA. Ndara zinafaa mchangani, kwenye tumbawe zinapinduka na kidole ndo kinachopokea. Vaa raba nzee zenye soli nene ambazo huoni tabu zikirowa, au viatu vya plastiki vya kufunga nyuma vile wanavyovaa wavuvi. Usivue kuingia kwenye vidimbwi vilivyobaki maji yakikupwa, mana humo mna yale madude meusi ya miiba mirefu, mwiba ukiingia unakatikia ndani, na kuna samaki mwenye sumu anaefanana na jiwe kabisa, yeye hakimbii, anasubiri umkanyage. Akimchoma mtu, tia mguu kwenye maji ya moto kadri anavyoweza kustahamili bila kuungua na akimbizwe hospitali, hapana kusubiri maumivu yapoe. Ukichanwa na tumbawe osha vizuri kwa maji safi na sabuni, toa vichembe vyote, jeraha la tumbawe linaiva haraka. Mie nililidharau, wiki mbili nachechemea.

Kama unaona kina mama wanachokoa pweza, tembea walipotembea. Wasalimie kwanza. Usiwapige picha bila kuomba, na usiingie kwenye mashimo yao kuchokoa kwa kijiti chako eti unajaribu.

Sita: mnara

Mnara wa taa ni wa chuma, wa enzi za Waingereza, una zaidi ya miaka mia, na bado upo umesimama kwenye upepo wa chumvi ambao bati la nyumba yangu halikuweza miaka sita. Kwa kawaida kuna mtu anaeuangalia, mtafute, omba, mpe kitu cha mkono. Ukipanda, ngazi nyembamba, mwenye kizunguzungu abaki chini na mabegi. Kanzu na buibui vishikwe vizuri, huko juu upepo unaingia chini unataka kukugeuza tiara.

Lakini juu! Upande wa mashariki mstari mweupe wa mawimbi ya Vumawimbi umenyooka mpaka unapotea, nyuma Ngezi kijani kizito, na magharibi mkondo wa Pemba unabadilika rangi ghafla kutoka samawati ya maji mafupi kwenda buluu ya kutisha, mana kile kina kinazidi mita 800. Hapo ndo utaelewa kwa nini waliweka taa. Mie nilikaa juu pale mpaka shemeji akaanza kupiga kelele za njaa.

Kuogelea

Vumawimbi siku ya upepo usiogelee. Hakuna mwokoaji, hakuna bendera, na wimbi likirudi linakuvuta miguu. Rowesha miguu basi. Ukitaka kuoga vuka magharibi, maji yakiwa yamejaa, na hata huko usiende mbali na mwamba.

Adabu na mzigo

Pemba ni Pemba. Vaa vizuri, hata pwani, kanga juu ya nguo ya kuogea unapotoka majini, wanaume na nyie vifua wazi kijijini hapana. Mwezi wa Ramadhani usile barabarani. Ukikuta wavuvi wa dago wamejenga vibanda vyao ufukweni usipite katikati kama unapita sokoni, toa salamu, kaa kidogo, uulizie hali ya bahari. Wao ndo watakwambia leo mawe ya kule juu yanapitika au hayapitiki, na jawabu lao likitafautiana na la simu yako shika la kwao. Siku yangu ya tatu ndo nilivofanya, nikaambiwa nisivuke jiwe la pili kwa sababu bahari imechafuka kwa nje ingawa mie naiona imetulia, na kweli baada ya muda mawimbi makubwa yakaja matatu manne kwa mpigo yakafunika pale pale.

Begani: maji ya kunywa mengi kuliko unavyofikiri, kwa sababu upepo unakudanganya huhisi jua, jioni ndo unajiona umeiva shingo. Mkate, tende, ndizi, kitu kisichorushwa na upepo (tulipeleka chipsi siku ile, nusu walikula kunguru). Simu ndani ya kopo la plastiki lenye kifuniko, chumvi inaingia kwenye tundu la chaji kimya kimya. Kilemba au ushungi wa kufunga, sio kofia. Mifuko ya plastiki ni marufuku Zanzibar, chukua mkoba wa ukindu, na taka rudi nazo, upepo wa pale ukiacha chupa moja Kigomasha kesho ipo Tumbe.

Na vile vipande vizuri vya tumbawe na makombe, vitazame uviache. Nilikuwa nimejaza mfuko mzima mara ya kwanza. Yule mzee wa wavu hakusema kitu, alivichukua kimoja kimoja akavitupa chini, akabakisha ndara zangu.

Kurudi

Maji yakigeuka, wewe geuka. Ukifika kwenye mchanga mpana ndo ukae ule, upumzike, umsubiri bodaboda wako. Mwambie aje saa nane ukitaka atokee saa tisa. Ukipita Ngezi jioni ndo muda wa popo, simama dakika kumi. Na gari za kutoka Konde kurudi Chake zinapungua jua likizama, kwa hiyo asubuhi unapopita muulize yule mama wa chai pale stendi gari ya mwisho inaondoka saa ngapi. Usimuulize konda, konda atakwambia zipo tu.